Mtoto wa Siku Hamsini na Tano Safarini

Mwaka mmoja niliwachukua wanafunzi wa kidato cha pili kupanda mlima ulio nyuma ya shule yetu. Tulibeba chakula, maji na dira ya kujifunzia, na kwa mzigo huo mdogo tulijiona majemadari. Tulipokaribia kilele, pumzi zikiwa zimetuishia, tulimkuta mama mmoja ameketi juu ya jiwe, anamnyonyesha mtoto wa miezi mitano au sita. Kando yake palikuwa na tita la kuni ambalo kijana yeyote miongoni mwetu angelitua chini baada ya hatua mia. Wanafunzi wakamwamkia, naye akaitikia marahaba bila kuinua macho kwa mtoto wake. Mtoto aliposhiba, akamfunga mgongoni kwa mbeleko, akajitwika kuni zake, akateremka na kutuacha pale pale tukijipepea kwa kofia.

Juma lililofuata niliwapa insha juu ya safari ile. Nilisahihisha madaftari thelathini na saba. Waandishi wangu walitaja mawingu, upepo, miguu iliyochubuka, mkate uliosahauliwa nyumbani, na kinyonga aliyeonekana mtini. Hata mmoja hakumtaja yule mama. Nilitaka kuwakemea, lakini nilipofungua daftari langu mwenyewe nikakuta nimeandika saa ya kuondoka, saa ya kurudi na idadi ya wanafunzi. Nikanyamaza.

Nakusimulia kisa hiki, msomaji, kwa kuwa historia nayo huandikwa na watu kama sisi. Aandikaye huandika lile linalomshangaza. Lile alionalo kila siku hulipita. Mama anyonyeshaye njiani ni jambo la kila siku. Alikuwako katika misafara ya Wanyamwezi iliyoteremka pwani katika karne ya 19, maana wapagazi wengi walisafiri na wake zao na watoto wao. Lakini wageni walioandika habari za misafara hiyo walipenda zaidi kuhesabu pembe za ndovu, mizigo na bunduki. Basi atakaye kumjua mama huyo hana budi kumtafuta katika maandishi ya watu ambao hawakukusudia kumwandika. Yuko mmoja ambaye twaweza kumfuata karibu mwezi kwa mwezi, naye hakuwa mtu wa nchi hizi zetu. Alikuwa msichana wa huko Marekani, wa taifa la Washoshone, na jina lake Sacagawea.

Mwaka 1803 serikali ya Marekani ilinunua kwa Wafaransa nchi kubwa mno iliyoitwa Louisiana, kwa bei ya dola milioni 15. Wenyeji waliokuwa wakiishi humo hawakuulizwa, na jambo hilo usilisahau tunapoendelea. Rais Thomas Jefferson alitaka kujua amenunua nini, na kama ipo njia ya maji ya kuifikia Bahari ya Pasifiki. Akamtuma katibu wake, Meriwether Lewis, naye Lewis akamwomba rafiki yake William Clark washirikiane uongozi. Waliondoka karibu na mji wa St. Louis mwezi wa Mei 1804, wakapanda Mto Missouri dhidi ya mkondo, na mwezi wa Oktoba wakafika kwenye vijiji vya Wamandan na Wahidatsa, katika nchi ambayo leo ni jimbo la North Dakota. Baridi ikawafunga hapo. Wakajenga boma la magogo, wakangoja barafu ya mto iyeyuke.

Katika vijiji hivyo alikaa mfanyabiashara mmoja wa Kifaransa kutoka Kanada, Toussaint Charbonneau, na Sacagawea alikuwa mmoja wa wake zake. Yeye hakuzaliwa huko. Alizaliwa mbali magharibi, katika Milima ya Rocky, na yapata mwaka 1800, alipokuwa na umri wa miaka kama 12, wapiganaji wa Kihidatsa walishambulia kambi ya watu wake wakamteka. Hatimaye akaangukia mikononi mwa Charbonneau. Kwa hiyo neno mke katika habari hii lisikudanganye. Lewis na Clark walikwisha ambiwa kwamba mbele kuna milima isiyopitika bila farasi, na kwamba wenye farasi ni Washoshone. Wakaona faida ya kuwa na mtu ajuaye lugha hiyo. Wakamwajiri Charbonneau kuwa mkalimani, kwa kuwa mkewe angekwenda naye. Mkewe alikuwa na mimba kubwa, naye alikuwa na umri wa miaka 16 au 17 tu. Yaani, msomaji, huenda alikuwa rika lako.

Tarehe 11 Februari 1805 akashikwa na uchungu, nao ukawa mkali na wa kuchukua muda mrefu. Lewis aliandika habari hiyo, na naipenda kwa kuwa inamwonyesha mtu mwenye elimu akiwa hana la kufanya. Mtu mmoja aliyekuwapo akamwambia kwamba ipo dawa isiyoshindwa: njuga za yule nyoka wa Marekani ambaye mkia wake hulia. Lewis alikuwa nazo katika vitu alivyokusanya. Mtu yule akavunja vipingili viwili, akavisaga kwa vidole, akavitia katika maji, akamnywesha mzazi. Lewis anasema kwamba hazikupita dakika kumi mtoto akazaliwa, kisha anaongeza kwa uaminifu kwamba hawezi kusema kama dawa ndiyo iliyofanya kazi. Mtoto alikuwa wa kiume, akaitwa Jean Baptiste.

Tarehe 7 Aprili msafara ukaondoka. Ulikuwa wa watu 33: wanaume 31, mwanamke mmoja, na mtoto mmoja wa siku hamsini na tano.

Hapa ndipo kimya kinapoanza. Msafara ule ulikuwa na waandishi wengi kuliko misafara mingi ya zamani; mbali na Lewis na Clark, askari kadhaa waliweka madaftari yao ya kila siku. Waliandika maili walizokwenda na upande upepo ulikovuma. Waliandika urefu wa mabawa ya ndege na meno ya dubu. Waliandika chakula chao kwa bidii, hata twajua kwa maneno ya Lewis kwamba kundi lao lilihitaji kulungu wanne, au nyati mmoja wa huko, ili kushiba kwa siku moja. Lakini juu ya chakula cha yule mtu wa thelathini na tatu karibu hawasemi neno. Mama mwenyewe mara nyingi hawamtaji kwa jina. Ni yule mwanamke, au mke wa mkalimani.

Tufanye nini basi? Tufikiri. Msafara haukuwa na ng'ombe wala mbuzi wa kukamwa. Hapakuwa na mwanamke mwingine ambaye angeweza kumpokea mtoto na kumpa ziwa. Mtoto wa miezi miwili hali nyama ya nyati. Hapana shaka, kwa hiyo, kwamba kila siku tangu boma lile mtoto aliishi kwa maziwa ya mama yake peke yake. Na kama maziwa hayo yangekatika, hakuna dawa katika sanduku la Lewis iliyoweza kushika mahali pake.

Yafaa pia ujue gharama ya jambo hilo mwilini. Mtoto anyonyaye peke yake hutumia maziwa yapatayo robo tatu ya lita kwa siku, na ili kuyatengeneza mama huhitaji chakula zaidi ya kile kinachomtosha yeye, kiasi cha kalori 500 hivi. Akipungukiwa, maziwa hayakatiki mara moja; mwili huyatengeneza kwa akiba yake wenyewe, na mama hukonda ili mtoto anenepe. Sacagawea hakuhitaji kuambiwa haya na mtu. Siku mbili tu baada ya kuondoka, msafara uliposimama kwa chakula, alichukua kijiti chenye ncha, akachokora ardhi karibu na magogo yaliyoletwa na maji, akafukua mizizi mingi iliyowekwa akiba na panya. Lewis alishangaa, akaliandika jambo hilo na kueleza ladha ya mizizi hiyo. Tangu hapo mara kwa mara twamwona akichimba mizizi na kuchuma matunda. Wengi husoma habari hiyo kama mchango wake kwa jeshi la watu wazima. Ni kweli; lakini mimi naona pia mama wa mtoto mchanga anayetafuta cha kutia tumboni mwake katikati ya wanaume wanaokula nyama tupu.

Usidhani kwamba alikwenda kwa miguu njia nzima. Mara nyingi walikuwa ndani ya mitumbwi, na baadaye juu ya farasi. Lakini siku nyingi pia alitembea kando ya mto, juu ya mawe na miiba, huku wanaume wakivuta mitumbwi kwa kamba. Hatukuachiwa maelezo kamili ya namna alivyombeba mtoto. Sanamu nyingi zilizosimamishwa baadaye humwonyesha akiwa naye mgongoni, kama ile ya Portland ya mwaka 1905, na huenda ndivyo ilivyokuwa. Lakini sanamu ni mawazo ya mchongaji.

Mwezi wa Juni wakafika kwenye Maporomoko Makubwa ya Missouri, mahali ambapo mitumbwi na mizigo ilipaswa kubebwa nchi kavu kwa umbali wa maili 18 hivi. Hapo Sacagawea akaugua sana. Clark alimtibu kama matabibu wa wakati wake walivyotibu, yaani kwa kumtoa damu, tena zaidi ya mara moja. Fikiri, msomaji: msichana mwenye homa na maumivu ya tumbo, anayenyonyesha mtoto wa miezi minne, na anayepunguziwa damu! Tarehe 16 Juni Lewis aliporejea kambini alimkuta yu taabani. Akaandika kwamba jambo hilo limemhuzunisha kwa ajili ya mama mwenyewe, mwenye mtoto mdogo mikononi, na pia kwa sababu yeye ndiye tegemeo lao la pekee katika kuzungumza na Washoshone juu ya farasi. Sababu zile mbili zinakaa katika sentensi moja, na sikuhukumu wewe uzipime vipi. Lewis akaagiza maji ya chemchemi yenye salfa iliyokuwa karibu, akamnywesha, akampa na afyuni kidogo, akaendelea kumbandika dawa ya magome. Kesho yake alikuwa na nafuu. Kisha akala mizizi ya porini mibichi na samaki wakavu, homa ikarudi, na Lewis akamkaripia Charbonneau kwa kutomwangalia. Baada ya siku chache akapona.

Katika habari zote za ugonjwa huo hatuambiwi mtoto alikula nini. Walakini mtoto aliishi. Basi katika siku zile ambazo wanaume walihofu kwamba mama atakufa, alikuwa bado ananyonyesha. Ama ukipenda, niambie njia nyingine mtoto wa miezi minne angaliweza kuishi mahali pale.

Majuma mawili baadaye, tarehe 29 Juni, alikuwa akitembea kandokando ya maporomoko pamoja na Clark, Charbonneau na mtoto. Wingu jeusi likatanda, wakajikinga katika korongo chini ya mwamba. Mvua ikanyesha na mawe ya barafu, na mara gharika ikateremka korongoni ikisukuma mawe mbele yake. Mama akamnyakua mtoto. Clark, bunduki katika mkono mmoja, akawasukuma juu, na Charbonneau aliyekuwa amewatangulia akamvuta mkewe kwa mkono, ingawa Clark anasema kwamba hofu ilimfanya mara nyingine asimame asijongee. Maji yalikuwa yamefika kiunoni mwa Clark kabla hajaanza kupanda, na muda si muda korongo likajaa kina cha futi 15. Dira ikachukuliwa, na mwavuli, na chandarua cha mtoto pamoja na nguo zake zote. Clark akawahimiza wakimbie kambini, akiogopa kwamba mtoto aliye uchi atapatwa na baridi, na kwamba mama ambaye ametoka tu kuugua atarudiwa na homa. Dira ilipatikana kesho yake matopeni. Mtoto alivishwa nini tangu siku ile, hakuna aliyeandika.

Mwezi wa Agosti walikutana na Washoshone. Sacagawea alimtambua mwanamke aliyetekwa pamoja naye zamani akafaulu kutoroka, na katika mkutano akamtambua chifu, Cameahwait, kuwa ni ndugu yake. Akamrukia kwa machozi. Mazungumzo ya farasi yalipita katika lugha nne: kutoka Kishoshone kwake, kutoka kwake kwa Kihidatsa hadi kwa mumewe, kutoka kwa mumewe kwa Kifaransa hadi kwa mtu mwingine, na huyo akawafikishia makapteni kwa Kiingereza. Farasi wapatao 29 wakapatikana. Hapa sharti niseme neno moja juu ya hadithi zinazomfanya kuwa kiongozi wa njia tangu mwanzo hadi mwisho. Hazina msingi. Alizijua sehemu za nchi ya kwao, akazionyesha, na msaada huo ulikuwa mkubwa. Lakini kuvuka milima ya Bitterroot waliongozwa na mzee mmoja wa Kishoshone. Sioni faida ya kumpa sifa isiyo yake mtu ambaye sifa yake halisi imeachwa bila kutajwa.

Milima hiyo ya Bitterroot ndiyo iliyokaribia kuwamaliza. Waliivuka kati ya tarehe 11 na 22 Septemba. Theluji ikaanguka ikaziba njia. Farasi wakaporomoka mabondeni na mizigo yao. Wanyama wa kuwinda hawakuonekana. Walikula supu iliyokaushwa waliyoinunua kabla ya safari, nayo iliwachukiza, kisha wakachinja watoto wa farasi. Wanaume wenye nguvu walidhoofika. Mtoto alikuwa na miezi saba. Umri huo mtoto huanza kuhitaji chakula kingine juu ya maziwa, na chakula kingine hakikuwapo hata kwa watu wazima. Walipoteremka upande wa pili, wakapokewa na watu wa Nez Perce na kulishwa samaki na mizizi, mtoto alikuwa hai.

Mwezi uliofuata, wakishuka mto kuelekea magharibi, Clark aliandika kwamba mke wa mkalimani anawatuliza wenyeji wote wanaowaona, maana mwanamke akiwa pamoja na kundi la wanaume ni dalili ya amani. Sentensi hiyo ni mashuhuri. Mtoto hatajwi ndani yake. Lakini jiweke mahali pa mwanakijiji aliyesimama ukingoni, anayeona mitumbwi ya wageni wenye bunduki, na katika mtumbwi mmoja mama anampa mtoto ziwa. Majeshi hayaendi vitani hivyo.

Mwezi wa Novemba wakaifikia bahari, na mvua ikawanyeshea mfululizo hata nguo zao za ngozi zikaoza. Tarehe 30 Clark alikuwa mgonjwa, amechoka na samaki waliochakaa. Sacagawea akampa kipande cha mkate. Alikuwa ameutengeneza kwa unga kidogo aliouweka kwa uangalifu kwa ajili ya mtoto wake, nao kwa bahati mbaya ulikuwa umelowa na kuchacha kidogo. Clark aliula kwa furaha, akaandika kwamba ndiyo tonge la kwanza la mkate alilolionja kwa miezi mingi. Kila nisomapo ukurasa huo nasimama. Mtoto alikuwa na miezi tisa na nusu, na mama yake alikuwa amemwekea unga. Tangu lini? Katika theluji ya Bitterroot, watu walipokuwa wakichinja farasi, unga ule ulikuwa wapi? Clark alifurahia mkate, nasi bila yeye kukusudia tumepata kuona mama akijiandaa kumzoesha mtoto chakula.

Kipupwe walikaa katika boma jingine karibu na bahari. Mwezi wa Januari 1806 ikaja habari kwamba nyangumi ametupwa ufukweni, na Clark akapanga kwenda na watu wachache kununua mafuta. Sacagawea akasema kwamba amesafiri mbali kuja kuyaona maji makubwa, na sasa samaki huyo wa ajabu yupo, ni vigumu kwake kunyimwa kuona vyote viwili. Wakamruhusu. Ni mojawapo ya mara chache sana ambapo sauti yake inasikika katika madaftari yale, na inasikika ikidai.

Safari ya kurudi ilianza mwezi wa Machi. Mwezi wa Mei, wakiwa wanangoja theluji ya milimani ipungue, mtoto akaugua. Alikuwa akiota meno, akaharisha, kisha homa kali ikampanda, na shingo na koo vikavimba. Safari hii daftari zinasema mengi, maana sasa mtoto alikuwa amekuwa kipenzi cha Clark, aliyempa jina la utani Pomp. Makapteni wakambandika vitunguu vilivyochemshwa, wakambadilishia dawa mchana na usiku, wakaandika hali yake siku baada ya siku hadi alipopona mwanzoni mwa Juni. Mwezi wa Julai Clark akaupa mwamba mmoja kando ya Mto Yellowstone jina la mtoto huyo, akachonga jina lake mwenyewe juu yake. Maandishi hayo yapo hata leo. Mwezi wa Agosti mbu wakamuuma mtoto hata uso ukavimba. Hayo yote yameandikwa. Maziwa bado hayatajwi.

Hatimaye, tarehe 17 Agosti 1806, msafara ukiwa umerejea kwenye vijiji vya Wahidatsa, ikafika siku ya kuagana. Charbonneau akalipwa dola 500 na senti 33. Sacagawea hakulipwa kitu, kama vile York, mtumwa wa Clark, aliyekwenda njia ile ile na kufanya kazi ile ile, hakulipwa kitu. Clark alitaka kumchukua mtoto akamlee na kumsomesha. Wazazi wakakubali, kwa sharti moja. Na katika kulieleza sharti hilo Clark akaliandika lile neno tunalolitafuta tangu mwanzo. Walikuwa radhi, anasema, laiti mtoto angekuwa ameachishwa ziwa. Baada ya mwaka mmoja, walimwambia, atakuwa mkubwa wa kutosha kuachana na mama yake.

Basi hakuwa ameachishwa. Clark anasema mtoto alikuwa na miezi 19. Ukihesabu mwenyewe utapata miezi 18 na siku sita. Neno hilo moja, lililoandikwa kwa ajili ya jambo jingine kabisa, linatuthibitishia yale tuliyoyapata kwa kufikiri: kwamba tangu boma la Wamandan mpaka Pasifiki, na kutoka Pasifiki mpaka kurudi, zaidi ya maili 2,000 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, katika homa na gharika na theluji na njaa, mama huyo hakuacha kunyonyesha. Msafara ule wa watu 33 haukumpoteza hata mtu mmoja katika sehemu hiyo ya safari. Vitabu humsifu Lewis kwa dawa zake na Clark kwa uongozi wake, nao wanastahili. Mtu wa thelathini na tatu ana daktari mwingine.

Siku tatu baadaye Clark, akiwa njiani kuelekea St. Louis, alimwandikia Charbonneau barua. Humo alikiri kwamba mkewe, aliyekwenda naye njia ile ndefu ya hatari na uchovu mpaka baharini na kurudi, alistahili malipo makubwa kuliko waliyoweza kumpa. Ukweli ni kwamba hawakumpa chochote. Mwaka 2000 serikali ya Marekani ilitoa sarafu ya dola moja yenye sura yake, na mtoto akiwa mgongoni. Sura yenyewe ilibuniwa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumchora akiwa hai.

Miaka michache baadaye wazazi walimpeleka mtoto St. Louis kama walivyoahidi, na Clark akamsomesha. Karani wa kituo kimoja cha biashara kando ya Mto Missouri aliandika mwezi wa Desemba 1812 kwamba mke wa Charbonneau, wa taifa la Washoshone, amekufa kwa homa, akiwa na umri wa miaka 25 hivi, ameacha mtoto mchanga wa kike. Wanahistoria wengi husema kwamba ndiye Sacagawea. Wako miongoni mwa Washoshone wanaosimulia kwamba aliishi hadi uzee. Jean Baptiste alikua akijua lugha kadhaa, akachukuliwa Ulaya na mwanamfalme wa Württemberg, akakaa huko miaka sita, akarudi kuwa mwindaji na kiongozi wa njia katika milima ile ile. Mwaka 1866, akiwa na umri wa miaka 61, alifunga safari tena kuelekea Montana. Aliugua njiani, akafa mwezi wa Mei katika jimbo la Oregon, akazikwa hapo.